Filamu za Mapenzi za Krismasi na Theluji ya Mubuku

Kila mwezi wa Desemba unapofika, runinga hujaa filamu za aina moja. Msichana anayefanya kazi katika jiji kubwa anarudi kwenye mji mdogo alikozaliwa. Duka la mikate la wazazi wake linakaribia kufungwa. Anakutana na kijana wa pale ambaye hakuondoka. Wanagombana, wanapatana, theluji inaanguka, na katika dakika za mwisho wanabusiana. Wasomi wengi huzipuuza filamu hizi. Makala haya yanadai kwamba zina historia inayofaa kusomwa katika idara ya Kiswahili, na kwamba mtu wa Kasese anaweza kuzisoma kwa jicho lake mwenyewe.

Nilipata fikra hii ukweni kwangu Mubuku, tulipokuwa tukitazama filamu ya namna hiyo asubuhi ya Krismasi. Mtoto wa shemeji yangu aliniuliza, "Mwalimu, ile ni nzururu?" Nikamjibu haraka, "Hapana, ile ni theluji." Baba mkwe akacheka. Akanyoosha mkono kuelekea Rwenzori, ingawa mawingu yalikuwa yameifunika, akasema, "Mwanangu, kwani theluji ni kitu gani kingine?" Sikuwa na jibu.

Tuanze na historia. Tarehe 24 Desemba 1951, kituo cha NBC nchini Marekani kilirusha opera fupi ya Gian Carlo Menotti iitwayo Amahl and the Night Visitors, iliyotungwa mahususi kwa ajili ya runinga. Haikuwa hadithi ya mapenzi. Ilihusu mtoto kilema na wafalme watatu. Lakini mdhamini wake alikuwa Hallmark, kampuni ya kuchapa kadi za salamu iliyoanzishwa mwaka 1910. Muuza kadi alitambua mapema kwamba Krismasi na runinga vinaweza kufanya biashara pamoja.

Miaka ishirini baadaye, Desemba 1971, kituo cha CBS kilionyesha The Homecoming, filamu kuhusu familia maskini ya milimani inayomsubiri baba arudi nyumbani mkesha wa Krismasi wa mwaka 1933. Hapo ndipo tunapoiona wazi nguzo ya kwanza ya masimulizi haya, yaani kurudi nyumbani. Nguzo ya pili, mapenzi, ilikwishakuwapo katika sinema. Kwa mfano, Christmas in Connecticut ya mwaka 1945 ilitengenezwa upya kwa ajili ya runinga mwaka 1992. Mwaka 2001 Hallmark ilizindua chaneli yenye jina lake, na mwaka 2009 ikaanza msimu maalumu wa filamu za Krismasi. Washindani walifuata. Netflix ilifika Uganda na nchi nyingine nyingi Januari 2016, na mwaka uliofuata ikatoa A Christmas Prince.

Utengenezaji wake ni wa haraka. Nyingi hupigwa kwa wiki mbili au tatu, mara nyingi nchini Kanada, tena wakati wa kiangazi. Waigizaji huvaa makoti mazito juani, na theluji inayoanguka ni povu au karatasi. Hadithi hukatwa vipande kulingana na nafasi za matangazo. Mtazamaji anajua mwisho tangu mwanzo. Sisi tuliofundishwa ngano hatupaswi kushangaa: hata msimulizi wa ngano hurudia muundo uleule, na msikilizaji hurudi kwa sababu anaujua.

Je, filamu hizi zilitufikia kwa lugha gani? Runinga ya taifa ya Uganda ilianza mwaka 1963, na filamu zake za kigeni zilikuwa za Kiingereza. Baadaye, vibandani, wafasiri tunaowaita VJ walianza kuzisimulia filamu kwa Kiganda, hasa za mapigano na za Kihindi. Tanzania ilikuwa na Lufufu na Kenya ina DJ Afro, ambao waliifanya kazi hiyo kwa Kiswahili. Kwetu, Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili kikatiba tangu mwaka 2005, na sokoni Mpondwe, karibu na Bwera, hutumika kila siku kati ya Waganda na Wakongo. Hata hivyo, sebuleni, mbele ya runinga, bado hatujakipa kazi.

Kazi yenyewe ipo, kwa kuwa hadithi ya kurudi nyumbani tunaijua kuliko wale walioitunga. Wiki ya Krismasi nauli za mabasi kutoka Kampala hupanda, na watu husafiri usiku kucha kwenda Kasese na Bwera. Ila anayerudi kwetu hakuti duka la mikate. Anakuta ada za wadogo zake, shauri la shamba, na shangazi anayeuliza ataoa lini. Mara nyingine hata kurudi hakuwezekani. Tarehe 13 Novemba 1996 waasi wa ADF waliuvamia Mpondwe, na Krismasi ya mwaka huo ilikuta watu wengi wa upande wa Bwera wamekimbia makazi yao. Mtunzi wa kwetu hatahitaji kuvumbua kikwazo cha kuwatenganisha wapendanao.

Tunarudi kwa swali la baba mkwe. Kiswahili kilipata neno theluji kutoka Kiarabu. Neno barafu lilitoka Kiajemi, ambako maana yake ni theluji. Pwani likawa jina la maji yaliyogandishwa. Wakonzo hawakuazima. Wana nzururu, na jina Rwenzururu, lililobebwa na harakati zilizojitangazia utawala mwaka 1962 na ufalme uliotambuliwa na serikali mwaka 2009, limetokana na neno hilo. Mwaka 1906 Mtawala wa Abruzzi kutoka Italia alipita bonde la Mubuku hadi kilele cha Margherita, chenye mita 5,109. Wakati huo barafu ya Rwenzori ilikadiriwa kuwa kilomita za mraba 6.5 hivi. Kufikia mwaka 2003 ilikuwa imebaki chini ya kilomita moja ya mraba, na imeendelea kupungua.

Maji ya mto Mubuku yanamwagilia mashamba na yamezalisha umeme tangu enzi za mgodi wa Kilembe. Mtoto yule basi anaitazama theluji ya povu kila Desemba, huku ile ya kweli iliyo juu ya nyumba yao ikiyeyuka. Nami, mwalimu wa lugha, nilimwambia kwamba hivyo ni vitu viwili.

Kwa hiyo, nawaomba wanafunzi wetu wa tafsiri na wa utunzi wafanye zoezi hili wakati wa likizo. Chagueni filamu moja ya Krismasi, mwisimulie kwa Kiswahili mbele ya watu wa nyumbani, na mwandike kila mahali wanapowasahihisha. Mimi nimekwisha sahihishwa mara moja.