M-Pesa Haikubuniwa kwa Kutumiana Pesa

Mradi uliozaa M-Pesa ulikuwa na shabaha iliyoandikwa wazi: mkopaji wa Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo, apokee mkopo na kulipa rejesho kwa simu. Vodafone na serikali ya Uingereza zilichangia fedha, na Oktoba 2005 kampuni ya simu ya Safaricom ikaanza majaribio Nairobi na Thika, kwa wateja mia chache tu.

Kuanza na shabaha iliyoandikwa hivyo, yaani kuorodhesha mahitaji kabla ya kuandika programu, ni desturi ya zamani. Mwaka 1970 Mmarekani Winston Royce aliichora kama ngazi ya kushuka: mahitaji juu, kisha uchambuzi, usanifu, uandishi, majaribio. Mchoro ukapendwa mno, hasa na wakubwa wanaotaka saini kabla ya kazi. Kilichosahaulika ni onyo la Royce mwenyewe kwamba njia hiyo ni ya hatari, na ushauri wake kwamba mfumo mpya ujengwe mara mbili, wa kwanza uwe wa kujifunzia.

Majaribio ya Kenya yalifanya hivyo hasa. Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone waliona wateja wakifanya mambo ambayo hayakuwamo kwenye waraka wa mahitaji. Mmoja anaweka pesa kabla ya safari na kuzitoa afikapo. Mwingine anamrushia jamaa. Wafanyabiashara wanahifadhi humo mauzo ya siku hadi asubuhi. Nadhani hata dodoso zuri lisingeyapata hayo, kwani mtu huwezi kumuuliza atakitumiaje kitu ambacho hajawahi kukishika. Upande wa marejesho, uliopangwa kwa makini zaidi, ndio uliosumbua: hesabu za Faulu na za mfumo mpya zilikuwa ngumu kulinganisha, na wakopaji wake, waliodhaminiana kwa vikundi, walizoea kukutana ana kwa ana.

Basi mikopo ikaondolewa. Machi 2007 huduma ilizinduliwa kwa wito mmoja, tuma pesa nyumbani, na menyu fupi.

Vodacom ilipoileta Tanzania mwaka 2008, wateja walikuja polepole kuliko Kenya. Mfumo ulikuwa umeshathibitishwa, lakini kwa watu wengine. Ada na usimamizi wa mawakala vikabidi vipangwe upya.