Staa Alicheka Mtumbwi wa Nyasa, Kumbe Hajui Historia Yake

Wadau, kuna staa mmoja wa mjini, jina tunaliweka kapuni, alishuka Kyela wikiendi moja akapiga picha ufukweni Matema, mkoani Mbeya. Nyuma yake kuna mtumbwi. Akaandika kwamba hilo ni gogo la babu, yeye anasubiri boti yake ya usukani katikati. Vicheko kama vyote. Sasa ngoja tuambizane ukweli kuhusu hilo gogo.

Mtumbwi wa Nyasa unachongwa kutoka shina moja, kwa shoka na tezo. Hauna mkuku, hauna mataruma, hauna msumari. Ukiuangalia kwa juu utashangaa: mdomo mwembamba, tumbo pana. Fundi anaingiza tezo kwenye huo uwazi mdogo na kuchimba mbao ya ndani bila kupanua mdomo. Kwa nini ajitese hivyo? Kwa sababu ya mwera. Ziwa hili lina urefu wa zaidi ya kilomita 550, na Matema iko kwenye ncha ya kaskazini. Upepo ukitoka kusini unapata uwanja wote huo wa kukuza mawimbi. Mtumbwi wenye mdomo mpana ungejaa maji fasta. Huu, wimbi linapanda ubavuni, linateleza juu, na ndani yanaingia maji kidogo tu. Mvuvi anakaa nyuma juu ya kingo, miguu ndani, kafi moja mkononi. Hilo kafi ndiyo injini, na ndiyo usukani.

Wakisi wamebeba vyungu vyao kwa mitumbwi ya aina hii hadi mnada wa Jumamosi pale Lyulilo, jirani na Matema. Vyungu, jamani, siyo ndoo za plastiki! Wengine wanatoka upande wa Ludewa, ambayo ilikuwa mkoa wa Iringa mpaka Njombe ilipomegwa mwaka 2012. Kwa hiyo watu wa Iringa msijifanye ziwa haliwahusu.

Wazungu walipotaka meli ziwani humu ilibidi waje nayo vipande vipande. Chauncy Maples, meli ya wamisionari, iliundwa Glasgow mwaka 1899, ikafunguliwa, ikasafirishwa, ikaunganishwa upya upande wa kusini wa ziwa na kushushwa majini mwaka 1901. Boila haikufunguka, ikavutwa nchi kavu na Wangoni wapatao 450. Meli ina jina la askofu. Hao 450 hatujui hata mmoja aliitwa nani, kama tusivyomjua fundi wa kwanza aliyebana mdomo wa mtumbwi.

Haya, turudi kwa boti ya staa. Kule Marekani, boti ndogo za faibaglasi zilishika kasi miaka ya 1950 na 1960. Boston Whaler walijaza povu jepesi kati ya ngozi mbili za boti, na mwaka 1961 jarida la Life likaonyesha boti yao ikikatwa kwa msumeno katikati ya maji, bosi wa kampuni akiwa amekaa ndani. Haikuzama. Usukani kuwekwa katikati nako kuna akili yake: samaki mkubwa akishika ndoano halafu akazunguka, mvuvi anamfuata boti nzima bila kizuizi. Sakafu iko juu ya usawa wa maji na ina matundu, wimbi likiingia linatoka lenyewe.

Umeona? Shida ni ileile, maji kuingia. Mmarekani ameyaruhusu yaingie akayatafutia njia ya kutoka. Fundi wa Nyasa amebana mlango tangu mwanzo, bila povu, bila petroli.

Simaanishi mtumbwi hauna kasoro. Tumbo lake ni duara, kwa hiyo unabiringika kirahisi, na wavuvi wengi wanaingia nao usiku bila jaketi la kuokolea. Halafu unahitaji mti mnene. Miti hiyo ikizidi kuadimika, fundi analazimika kuchonga mwembamba zaidi, na mtumbwi mwembamba unayumba zaidi. Hapo ndipo boti ya faibaglasi ingekuwa msaada wa kweli, siyo ya kupigia picha tu, ila bei yake na mafuta ya injini mvuvi wa kawaida ataviweza wapi?

Habari za chini ya kapeti zinasema staa wetu alijaribu kukaa kwenye lile gogo baada ya picha. Makafi mawili tu, chali. Simu haijaonekana mpaka leo.