Njia ya Tabora: Tangu Mpagazi hata Ndege

Leo napenda kuzungumza juu ya kiwanja cha ndege cha Tabora. Labda mtu atadhani ya kuwa kiwanja cha ndege ni jambo jipya lisilo na habari za kale. Sivyo. Habari ya ndege ya Tabora haifahamiki vema bila ya kuanza na habari ya mpagazi.

Tabora iko katika nchi ya Wanyamwezi, zaidi ya maili 500 kutoka Dar es Salaam kwa reli. Zamani wasafiri walipaita Kazeh, katika nchi ya Unyanyembe. Hapo njia ya kutoka Bagamoyo iligawanyika: moja ilikwenda Ujiji, kando ya ziwa Tanganyika, na nyingine ilielekea kaskazini mpaka Karagwe na Buganda. Pembe za ndovu zilishuka pwani. Nguo, shanga na nyaya za shaba zilipanda bara. Wala tusifiche neno: watumwa nao walipitishwa njia hiyo hiyo, wamefungwa minyororo.

Waliobeba mizigo walikuwa hasa Wanyamwezi. Kirangozi alitangulia, na wapagazi wakafuatana nyuma yake mmoja mmoja, kila mtu na mzigo wake wa frasila mbili hivi, yaani ratili 70. Mwaka 1857 Waingereza wawili, Burton na Speke, walitoka pwani wakafika Kazeh tarehe 7 Novemba, siku ya 134 ya safari yao. Majina yao yameandikwa vitabuni. Majina ya wengi waliowabebea mizigo hayakuandikwa.

Kisha ikaja reli. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905; ikafika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Wanyamwezi wengi walikuwamo katika kazi ya kuchimba tuta na kulaza vyuma. Hivyo watu wale wale waliozoea kubeba mizigo walisaidia kujenga kitu ambacho kingewaondolea kazi yao.

Vita Kuu ya kwanza ilipokwisha, Waingereza walitaka kufungua njia ya ndege kutoka Misri mpaka Afrika ya Kusini. Ndege za siku zile hazikuweza kwenda mbali bila ya kutua, kwa hiyo mwaka 1919 viwanja vingi vilitengenezwa njiani, na Tabora ilikuwa kimojawapo. Kutengeneza kiwanja maana yake ni kukata miti, kung'oa visiki na kubomoa vichuguu kwa jembe na kikapu. Huko Ndola, katika nchi iitwayo sasa Zambia, watu wapatao 700 walifanya kazi hiyo tangu Aprili hata Agosti mwaka huo.

Tarehe 24 Januari 1920 ndege kubwa aina ya Vickers Vimy iliondoka Uingereza. Waliokuwamo ni watu watano: marubani Cockerell na Broome, mafundi wawili, na mtaalamu wa wanyama, Chalmers Mitchell, aliyekuwa akiliandikia habari gazeti la The Times. Mitambo iliwasumbua mara nyingi, lakini walifika Tabora. Tarehe 27 Februari walipojaribu kuruka tena, mtambo mmoja ulipoteza nguvu, na ndege ikaanguka ikavunjika. Kwa bahati njema hakuna aliyekufa. Safari yao ya angani iliishia hapo, katika mji ule ule ambapo misafara ilikuwa ikitua mizigo yake.

Tabora ni mahali pagumu kwa ndege yenye nguvu kidogo. Mji uko juu ya bahari kwa futi 3,900 hivi. Hewa ya nchi ya juu ni nyepesi, na jua likiwa kali huzidi wepesi. Basi mabawa hupata msaada mdogo, na mtambo hupata hewa haba ya kuchomea mafuta. Katika miji ya baridi kali, kama Yakutsk huko Siberia, hewa ni nzito na huyabeba mabawa vema, ila huko baridi yenyewe hugandisha mafuta na kuharibu vyuma. Kwa hiyo rubani hana budi kuijua nchi anayotua, kama kirangozi alivyojua visima vya maji.

Mwaka 1932 ndege za barua na abiria zilipoanza kwenda kutoka London hata Cape Town, njia yao ilipita Moshi, Dodoma na Mbeya. Tabora, mji wa njia panda, iliachwa kando. Sifa ya kale haitoshi kuivuta njia.

Lakini kiwanja hakikufa. Leo kina njia ya lami, na abiria hutoka Dar es Salaam wakafika kwa muda usiopita mwendo wa asubuhi moja wa msafara, toka kambi hata kambi.

Basi, wanafunzi, mwonapo ndege ikitua Tabora, msiulize tu jina la rubani. Waulizeni wazee wenu ni nani waliobomoa vichuguu, ni nani waliolaza reli, na ni nani waliotembea njia ile na mzigo begani. Yaandikeni majina watakayowatajia, maana hayakuandikwa na mtu mwingine.