Kopa, Uru, Pau, Shupaza

Kaka yangu alivunjika mguu kwa ajali ya bodaboda mwaka ambao mimi nilikuwa nimemaliza chuo na sina kazi, kwa hiyo zamu ya kumuuguza mchana ikawa yangu. Alikuwa mtu wa maneno mengi. Sasa alilala chali, mguu umefungwa plasta ngumu kutoka pajani hadi karibu na vidole, akihesabu mabati. Wiki ya tatu mama akanivuta uani, akaniambia kwa sauti ya chini: "Mwanangu, mtafutie mwenzio kitu cha kumchangamsha. Huyu anatupotea."

Nilidhani nakijua kitu chenyewe. Tulipokuwa wadogo, kaka alikuwa mbabe wa kibanda cha gemu mtaani kwetu. Kilikuwa na televisheni moja yenye kisogo, PlayStation moja iliyofungwa mpira wa baiskeli ili isifunguke, na Winning Eleven. Anayefungwa analipa na kumpisha mwingine, anayeshinda anabaki. Kuna siku kaka alirudi nyumbani usiku na sarafu yake ya mia haijatoka mfukoni.

Nikaazima laptopu, nikaandika kwenye intaneti kwamba natafuta gemu zinazofanana na Winning Eleven. Nikaletewa mpira. Mpira wa zamani, mpira wa kisasa, mpira wa vikatuni. Nikampakulia mmoja. Akacheza mechi mbili, akafunga magoli manane, akafunika laptopu.

"Siyo yenyewe, dogo."

Nikaleta wa pili. Siyo yenyewe. Wa tatu hakuumaliza. Nikamuuliza yenyewe ni ipi, akageukia ukutani.

Usiku ule sikulala. Nilianza kusoma, mwanzoni kwa hasira tu, nikitaka kujua ni nani aliyeamua kwamba gemu moja inafanana na nyingine, na alitumia kipimo gani.

Kipimo cha kwanza kilikuwa sura. Doom ilipotoka mwaka 1993, ukimwona adui kwa macho ya mhusika mwenyewe, bunduki imetokeza chini ya skrini, gemu zote zilizofuata na mtazamo huo ziliitwa nakala za Doom, na ilichukua miaka kadhaa kabla hazijapata jina lake. Rogue ya mwaka 1980 imezaa kabila zima la gemu ambalo hadi leo linaitwa kwa jina lake. Maduka yalipanga hivyo hivyo: mpira na mpira, magari na magari, vita na vita. Ni mpangilio unaofaa ukiwa unajua unachokitaka. Lakini mtu aliyempoteza rafiki yake mrefu mwembamba huwezi kumfariji kwa kumletea mrefu mwembamba mwingine.

Wapo waliolishuku jambo hili mapema. Mwaka 1980, Thomas Malone, mwanafunzi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Stanford, aliandika tasnifu kuhusu kinachofanya gemu za kompyuta zivutie. Alifanya kama fundi redio: alichukua Breakout, ile ya kuvunja ukuta wa matofali kwa mpira, akaiondolea kitu kimoja kimoja na kutazama ni wapi wachezaji wataacha kuifurahia. Akafanya vivyo hivyo na gemu ya kufundishia sehemu, ambamo mishale inapasua maputo. Maputo yale yaliwapendeza wavulana, wasichana hayakuwavutia. Hesabu zilikuwa zile zile na skrini ile ile. Tofauti ilikuwa kwa aliyekaa mbele yake.

Lakini watu waliolifikisha swali kwenye mzizi hawakuwa watafiti. Walikuwa wachezaji, na walikuwa wanagombana.

Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex nchini Uingereza, mwanafunzi Roy Trubshaw alianza kuandika programu iliyoitwa MUD, na baadaye akaikabidhi kwa mwenzake, Richard Bartle. Haikuwa na picha hata moja. Ilikuwa maandishi tu: uko njiani, kaskazini kuna msitu, hapa kuna upanga. Jipya lilikuwa kwamba maandishi hayo waliyasoma watu wengi kwa wakati mmoja, na mmoja wao angeweza kukupa mkono au kukuua. Ukiuawa vitani, mhusika wako alifutwa, na kazi yako ya miezi ikaenda naye. Ukiokota hazina ukaitupa kwenye kinamasi, ulipata pointi. Ukikusanya za kutosha unapanda daraja hadi kuwa mchawi. Bartle, mtoto wa familia ya kawaida kutoka Yorkshire, amesema zaidi ya mara moja kwamba madaraja yale yalikuwa na siasa ndani yake: katika nchi ambamo lafudhi yako ilikuwa inatosha kukufungia mlango, wao walitaka dunia moja ambayo mtu anapanda kwa alichokifanya. Watu wa nje ya chuo waliruhusiwa kuingia kwa njia ya simu, usiku, wakati mashine haina kazi nyingine. Na waliingia.

Sasa, kati ya Novemba 1989 na Mei 1990, wachezaji wakongwe wa MUD moja walianza kubishana kwa maandishi juu ya swali linaloonekana la kitoto: watu wanataka nini humu? Hoja zilifika mamia, nyingine ndefu kama insha. Bartle aliyesoma ubishi wote aligundua kwamba hakuna aliyekuwa anajibu swali. Kila mtu alikuwa anajieleza mwenyewe, akiamini kwamba wengine wote wako kama yeye, ila wamechanganyikiwa.

Alichokitoa humo kilichapishwa mwaka 1996, na watu wanne aliowaona aliwapa alama za karata. Hapa nilikaa sawa kitandani, maana karata nazijua. Aliwaita uru wale wanaotafuta mafanikio, kwa kuwa hawaachi kusaka vito. Shupaza ni wadadisi: kwa Kiingereza karata hiyo ni sepeto, nao kazi yao ni kuchimba, kujua kila njia inaishia wapi. Kopa ni wapenda watu, waliokuja kuongea, gemu kwao ni kisingizio. Pau ni wauaji, kwa sababu kwa Kiingereza pau ni rungu.

Majina yetu haya tuliachiwa na Wareno, na yamekuja na tabia zake. Uru ni ouros, dhahabu. Hapo Bartle na Wareno wanakubaliana kabisa. Pau kwao ni gongo, sawa. Kopa ni copas, vikombe, na sijui kama kuna alama bora kwa watu waliokuja kupiga soga kuliko kikombe. Ila shupaza ni espadas, yaani panga. Ukicheza mchezo wa Bartle kwa karata zetu, mezani kuna wauaji wawili, mmoja mwenye gongo na mwingine mwenye upanga, na mdadisi hana karata. Nimecheza arobastini maisha yangu yote bila kujua kwamba nimeshika silaha.

Bartle hakuwapanga watu hao ili wauziwe kitu. Alikuwa na tatizo la mwenye nyumba: hawa wanne wanaishi chini ya paa moja. Wauaji wakizidi, wapenda watu wanakimbia. Nani atakaa kuzungumza mahali anapochinjwa? Andiko lake ni kama ushauri wa mfugaji kuhusu mbuzi na chui, kwamba ukiongeza hiki kile kinapungua, na ukizubaa unabaki na uwanja mtupu. Lakini wazo likishatoka nyumbani halirudi. Mwaka 1999 na 2000, watu wengine wawili, Erwin Andreasen na Brandon Downey, walitunga hojaji ya maswali 30 iliyokupa asilimia zako katika kila karata, jumla yake 200, na watu wakaijaza kwa mamia ya maelfu. Watu walianza kujitambulisha kwa karata zao kama wanavyojitambulisha kwa nyota. Bartle mwenyewe amelalamika kwamba mpango uliohusu aina moja ya gemu unabandikwa kwenye kila kitu.

Aliyekuja kuusukasuka mpango huo kwa takwimu ni Nick Yee. Alianza akiwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza huko Marekani, akiwauliza maswali wachezaji wa EverQuest, gemu iliyotoka mwaka 1999, na akaendelea kuuliza kwa miaka. Katika andiko lake la mwaka 2006, lililotokana na majibu ya wachezaji wapatao 3,000, aliacha majibu yenyewe yaonyeshe yanashikana wapi. Makundi manne hayakutokea. Yalitokea mambo matatu makubwa: mafanikio, watu, na kuzama katika dunia ya gemu. Zaidi ya hapo, kuwa na kiu ya jambo moja hakukukosesha kiu ya jingine. Mtu anaweza kuwa uru mwenye njaa na kopa mwenye njaa jioni hiyo hiyo. Mwaka 2015 yeye na Nicolas Ducheneaut walianzisha kampuni ya Quantic Foundry, wakafikisha idadi ya misukumo kuwa 12, na humo mna msisimko, mashindano, ujamaa, mikakati, hadithi, kubuni na kuvumbua.

Hapo ndipo swali langu la usiku ule lilipopata jibu la kwanza lenye akili. Ukiwauliza watu misukumo yao na pia gemu wanazozipenda, unaweza kuichora gemu kwa kutumia mioyo ya wanaoipenda. Gemu mbili zikiwa na mchoro unaokaribiana, zinafanana, hata kama moja ni ya kulima na nyingine ni ya kusafiri angani. Maduka yalikuwa yameshika njia nyingine. Mwaka 2019 kampuni ya Valve ilijaribu mashine ya kupendekeza gemu ambayo ilijifunza kutokana na gemu watu walizocheza na muda waliozicheza. Kuhusu gemu zenyewe haikuambiwa kitu zaidi ya tarehe ya kutoka. Njia hiyo inafanya kazi. Ni kama muuza duka anayejua kwamba anayenunua unga hununua na dagaa, na hajawahi kumuuliza mteja anampikia nani.

Nikakuta na jambo jingine lililonifanya nifunike laptopu kidogo. Katika takwimu za Yee na Ducheneaut, kiu ya kushindana ndiyo inayoshuka zaidi kadiri umri unavyopanda. Kaka yangu alikuwa amevuka thelathini. Nikajiambia: basi, ndicho hicho. Pau imezeeka. Nimtafutie gemu ya mikakati, maana hiyo kiu ndiyo isiyotikiswa sana na miaka.

Asubuhi nikachukua hojaji ya aina hiyo, nikakaa pembeni ya kitanda, nikawa namsomea maswali kwa Kiswahili changu. Unapenda kiasi gani kuwashinda wengine? "Inategemea nacheza na nani." Unapenda kiasi gani kumaliza kila kazi uliyopewa? "Kuna watu wananiangalia?" Unapenda vitu kulipuka? "Inategemea, dogo. Nani kalipuliwa?" Swali la saba nikaweka laptopu chini.

Wale wote niliowasoma usiku kucha walikuwa wamehangaika na mtu na gemu yake. Bartle angalau alianza na watu waliokaa dunia moja. Lakini hojaji hujazwa na mtu mwenye kifaa chake, aliyechagua gemu yake, amekaa kwake. Kwenye kibanda hakuna aliyechagua. Tulicheza kilichokuwemo ndani ya mashine, na kama mwenye kibanda angeweka ngumi tungepigana ngumi.

"Kaka," nikamuuliza, "kwenye kile kibanda, ulikuwa unapenda nini hasa?"

Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akaanza kunisimulia habari za muuza karanga aliyekuwa anasimama mlangoni na kikapu chake, akitangaza mechi kama yuko redioni, akiwapa wachezaji wa Kijapani majina ya watu wa mtaani. Akanikumbusha mtoto mmoja aliyelia kwa kufungwa, benchi zima likamchangia mia yake arudie. Akanisimulia jinsi kibanda kilivyokuwa kinanyamaza akipiga mpira wa adhabu, hadi unasikia feni. Aliongea karibu nusu saa. Hakutaja goli hata moja.

Jioni ile niliazima padi mbili. Mimi na jirani tukambeba kaka na kiti chake hadi barazani, mguu tukauweka juu ya ndoo iliyofunikwa kwa mto, na laptopu juu ya stuli. Vijana wanne wa nyumba za jirani walikuwa wanapita. Sikuhitaji kuwaita mara mbili. Nikamnyooshea kaka padi ya kwanza. Akatikisa kichwa, akanionyesha kwa kidole nimpe mdogo kuliko wote.

Mpira ulipoanza, alikohoa kusafisha koo. Beki wa kulia akamwita kwa jina la muuza mkaa wetu, kipa akapewa jina la mwenyekiti wa mtaa. Ndani ya dakika kumi benchi lilikuwa limejaa na wengine wamesimama. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akauliza kuna nini.

"Ngoja kwanza, mama," kaka akasema, mkono juu, "kuna penalti."