Mzee Ojwang: Alichekesha taifa, akatibiwa kwa michango

Kabla ya KTN kuanza kurusha matangazo mwaka 1990, Mkenya mwenye televisheni hakuwa na stesheni ya kuchagua. Alifungua Sauti ya Kenya, ambayo mwaka 1989 ilipewa jina la KBC, na humo akakutana na kipindi cha vichekesho cha Vitimbi. Mzee mwenye miwani mikubwa, suruali kaipandisha juu ya kiuno, anazozana na mkewe, Mama Kayai, na nyumba nzima inaangua kicheko.

Mzee huyo alijulikana kama Ojwang Hatari. Jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau. Alikuwa Mkikuyu, ila watazamaji wengi walimdhania Mjaluo kwa lafudhi ya Kijaluo aliyoitumia katika Kiswahili chake. Hapa ndipo ninapouona ukubwa wa kipaji chake. Kuiga lafudhi ya kabila jingine ni jambo jepesi; mlevi yeyote wa baa anaweza. Kuishi ndani yake miaka na miaka, wenyewe wakakupokea kama mzee wao, hilo ni la wachache. Tena aliyafanya hayo Kenya, nchi ambayo siasa zake zimezoea kuwapima watu kwa majina ya koo zao. Mary Khavere, aliyeigiza kama Mama Kayai, alikwenda naye sambamba hivi kwamba wako walioamini ni mume na mke kweli. Hawakuwa.

Aliigiza pia katika vipindi vya Vioja Mahakamani na Darubini.

Uzeeni macho yake yalianza kumsaliti. Mwigizaji aliyejulikana kila kaunti akawa haoni vizuri, wala hakuwa na uwezo wa kugharamia matibabu. Habari zilipotangazwa, wananchi walichanga, akafanyiwa upasuaji. Nawashukuru wote waliotoa, hata aliyetoa shilingi hamsini. Lakini mchango ni hisani, na hisani haina ratiba: huja msanii akishaanikwa hadharani akiwa dhaifu, na wapo wengi ambao kamera haiwafikii. Waigizaji wa kizazi chake wamelalamika mara nyingi kuhusu malipo duni, wakati vipindi vyao vimerudiwa hewani miaka nenda miaka rudi.

Mzee Ojwang alifariki Jumapili, Julai 12, 2015, katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, Nairobi, baada ya kuugua nimonia. Alikuwa na umri wa miaka 78. Rambirambi zilimiminika kutoka kwa viongozi.

Kwa wakuu wa stesheni zetu nina ombi moja. Mnaporudia kipindi cha zamani, mlipeni kila aliyeonekana ndani yake, na mlipeni angali hai, aweze kwenda kwa daktari kwa pesa zake mwenyewe.