Betri "Chini ya Mzigo"

"Shikamoo mjomba. Mizigo ya wageni nimeshusha yote, kiti nimekifunua, betri nimeziona. Sasa hapo chini ya mzigo ndiyo wapi?"

Ujumbe huo wa sauti ulinifikia Haydom asubuhi moja, umetoka Karatu. Mpwa wangu anafanya kazi kwenye hoteli ya watalii huko, anaendesha kile kigari cha umeme kilichobuniwa kwa ajili ya viwanja vya gofu. Hotelini hapo hakuna anayecheza gofu. Kigari kinapandisha wageni na masanduku yao kutoka mapokezi hadi vyumba vya juu kilimani. Wenyewe wanakiita bagi, nami kila nikisikia nadhani wamesema begi. Siku hiyo bagi ilikuwa imegoma: ukikanyaga pedali inalia "ta!", inashtuka kidogo, inanyamaza.

Kosa lilikuwa langu. Wiki moja kabla alinitumia picha ya karatasi ya maelekezo ya Kiingereza, akaniomba nimtafsirie. Nilitafsiri usiku, kwa haraka, na sentensi ya tano niliiandika hivi: "Pima kila betri chini ya mzigo." Kijana akatii. Akashusha masanduku, akatafuta chini yake.

Kiingereza kina tabia ya kuweka mambo chini ya mambo. Mtu huwa chini ya shinikizo, mshitakiwa huwa chini ya ulinzi, betri huwa chini ya mzigo. Sisi tulioshiba karatasi za ofisini tumeshazoea, wala hatushtuki tena tukisoma kwamba mradi uko "chini ya utekelezaji". Lakini kwa mtu mwenye spana mkononi, chini ni mahali. Ukimwambia chini, atainama.

Nilipomaliza kujicheka nilitoka kwenda sokoni kwa fundi mmoja anayeshughulikia betri za sola. Sikwenda kumuuliza neno. Nilitaka kuona anavyofanya, maana fundi ukimuuliza istilahi atakupa Kiingereza ili kukuheshimu.

Haydom ni mahali pazuri pa kujaribia neno la Kiswahili. Mji wenyewe umekua kandokando ya hospitali iliyoanzishwa na wamisionari wa Norwei mwaka 1955, ambayo leo ni ya kanisa la KKKT, Dayosisi ya Mbulu, na watu wanaipandia kutoka pande zote. Kwenye benchi moja la wagonjwa unaweza kuwakuta Mwiraqw, Mdatoga, Mhadzabe na Mnyisanzu, watu wa lugha nne zisizo na undugu wa karibu hata kidogo. Kiswahili ndicho wanachokutania, na wengi wamekipata shuleni na mnadani, hawakunyonya nacho. Neno lenye mapambo halifiki mbali hapa.

Fundi alikuwa na betri ya mteja mezani, ya volti 12. Akaigusa kwa mita: 12.6. Mteja akafurahi. "Si unaona? Ina moto!" Fundi hakumjibu. Alichukua taa ya mbele ya gari, wati 55, iliyounganishwa waya mbili, akazibana kwenye vichwa vya betri huku mita ikiwa bado imeshikiliwa. Taa ikawaka nyeupe kwa kitambo kifupi sana, ikageuka njano, ikawa kama kibatari kilichoishiwa mafuta. Namba kwenye mita zilishuka tunazitazama: 11, 9, 7. Akaitoa taa. Namba zikaanza kupanda tena polepole, kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Haibebi," akasema.

Neno lenyewe lilikuwa hilo, na kila mwenye sola vijijini analijua. Sola hii haibebi pasi. Jenereta haibebi mashine ya kusaga. Mambo yakivuka kipimo, transfoma imezidiwa, waya umeelemewa. Mimi nilikuwa nimelipita usiku ule kwa haraka yangu, kumbe lugha ilishamaliza kazi yake zamani.

Tazama mteja alivyosema: ina moto. Moto ni neno la gereji, na lina kazi nyingi. Waya wa moto, betri haina moto, moto haufiki kwenye stata. Kasoro yake ni kwamba linakubali majibu mawili tu, upo au haupo. Mita ikionyesha 12.6 moto upo, na mteja ana haki ya kudai betri yake ni nzima. Swali la pili, kwamba huo moto unaweza kufanya kazi ya uzito gani, halina pa kukaa ndani ya neno moto. Ndipo linapohitajika neno mzigo.

Mzigo wa umeme ni kitu chochote kinachochota mkondo kutoka kwenye chanzo: taa, pasi, friji, mota ya kigari. Hali kadhalika ni kiasi cha huo mkondo unaochotwa. Mita haihesabiki kama mzigo, maana ile ya kawaida ya kidijitali inachota kama sehemu moja ya milioni moja ya ampea. Kupima betri kwa mita peke yake ni kama kumsifu punda kwa jinsi anavyosimama.

Kila betri ina ukinzani wake wa ndani, na kila volti inayotumika kuusukuma mkondo upite kwenye ukinzani huo haitoki nje. Hesabu ni ile aliyoichapisha Georg Ohm mwaka 1827: zidisha ampea kwa ohm, upate volti zilizopotea. Betri iliyochoka yenye ukinzani wa nusu ohm, ukiitwisha taa ya ampea 4 na ushei, inapoteza volti 2 na zaidi papo hapo, na ikiwa sahani zake zimeharibika inaendelea kuporomoka. Ikiwa haijabeba kitu haipotezi chochote, hivyo inaonyesha uso mzuri.

Sasa mpeleke huyo mgonjwa kwenye kigari. Aina nyingi za vigari hivi hutumia volti 48, mara nyingi betri sita za volti 8 zilizofungwa mfululizo, moja nyuma ya nyingine. Zikiwa zimejaa na zimepumzika, jumla yake inakaribia 51. Kwenye tambarare mota inachota ampea 50 hivi, na kwenye kilima zinaweza kupita 150. Kwa kuwa ziko mfululizo, mkondo huo huo unapita kwenye betri zote sita. Tano nzima na moja mbovu haziwezi kugawana kazi kwa huruma. Ile mbovu inashindwa mahali pake, na msafara mzima unasimama.

Tena si betri peke yake. Kichwa cha betri chenye kutu kinaweza kuwa na ukinzani wa sehemu tano za mia za ohm, kiasi ambacho taa ndogo haikitambui. Kwa ampea 100 hapo zinapotea volti 5, na zinazaliwa wati 500 za joto kwenye nati moja. Ndiyo maana mafundi wazee huzima kila kitu kisha wakapapasa vichwa kimoja kimoja kutafuta kilichopata moto, na safari hii ni moto wa kweli.

Neno mzigo lenyewe halikuja na umeme. Karne ya 19, kwenye njia ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, mzigo wa mpagazi ulikuwa kipimo: frasila mbili hivi, karibu kilo 32. Msafara ulihesabiwa kwa mizigo. Na kazi hiyo imetuachia vitenzi ambavyo wahandisi wanaweza kutuonea wivu. Mtu hujitwika, au hutwishwa na mwenzake. Akifika hutua. Mzigo ukimzidi humwelemea. Waliotuletea maneno ya kompyuta walipita hapo hapo kwa wapagazi, wakachukua kupakia na kupakua, na leo kijana anapakua wimbo bila kukumbuka punda wala sufuria ya wali.

Kwa hiyo sina ugomvi na mzigo. Ukinzani na mkondo ni istilahi safi, zinafaa kabisa darasani, isipokuwa darasa lenyewe linaishia darasa la saba. Sekondari fizikia inafundishwa kwa Kiingereza, na kijana akitoka hapo akaingia gereji anajifunza upya kwa lugha ya moto na shoti. Mzigo ni mojawapo ya maneno machache yanayoeleweka pande zote mbili bila kubadilishwa nguo. Ugomvi wangu ni na "chini ya", yaani na kunakili Kiingereza neno kwa neno, jambo ambalo si lazima. Umeme ulipokuwa haututoshi, mwaka 2006, mwaka 2011, hata mwishoni mwa 2023, Waingereza wangesema mzigo unamwagwa. Hakuna Mtanzania aliyesema hivyo. Tulisema mgawo, kwa sababu tuliokaa gizani kwa zamu tuliona kitu kinagawanywa.

Kwenye kamusi, basi, ningeandika: betri yenye mzigo, betri isiyo na mzigo. Kwenye maelekezo ya kazi ningetumia kitenzi, betri ikiwa imebeba. Na kwa kigari cha hoteli lazima niseme imebeba nini, maana chombo hiki kina mizigo miwili, masanduku kitini na mota waya zinakoelekea. Masanduku si mzigo wa umeme, ingawa yakiongezeka mota inachota zaidi. Mpwa wangu hakuwa mjinga hata kidogo kuyashusha.

Nilimpigia. Nikamweleza kwamba ule mlio wa "ta" ni wa solenoidi, swichi kubwa inayofungwa kwa sumaku, na kwamba usingesikika basi wala tusingefika kwenye mizigo. Tungeanza na breki ya mkono, swichi ya mbele na nyuma, ile ndogo iliyo chini ya pedali, na plagi ya chaja, maana vipo vigari vinavyokataa kuondoka vikiwa bado vimechomekwa. Mlio ulikuwepo. Akaniambia kwa kujiamini kwamba mota ni nzima pia, kwani walikiinua kwa jeki matairi ya nyuma yakazunguka vizuri sana.

"Yalikuwa yanavuta nini?" nikamuuliza.

Akanyamaza, halafu akacheka. Tairi linaloning'inia hewani halivuti kitu. Mota ilikuwa inazunguka mikono mitupu, betri hazijatwishwa chochote. Walikuwa wamerudia kosa la mteja wa Haydom kwa njia ya gharama zaidi.

Basi wakafanya hivi. Pete na saa zikavuliwa, maana spana au pete ikigusa vichwa viwili inaweza kuyeyuka. Waya za mita zikaongezwa urefu na kubanwa kwenye betri ya kwanza, kiti kikarudishwa, mita ikakaa mapajani mwa mwenzake. Kigari kikaelekezwa kilimani, mmoja akakanyaga, mwingine akasoma. Halafu betri ya pili. Kazi ya nusu saa, kwa kuwa kila mara kigari kilisogea hatua moja kikafa, nao wakakisukuma kurudi kilipotoka. Zikiwa zimepumzika, betri zote sita zilionyesha 8.3 au 8.4, usingemjua mgonjwa. Zilipobeba, tano zilibaki juu ya 7. Moja ikaanguka hadi 2 na kitu.

"Mjomba, ya nne haibebi." Ujumbe ulikuwa huo tu.

Hoteli ilinunua betri moja, ingawa karatasi inashauri seti nzima. Betri mpya katikati ya tano zilizozeeka haikai mpya muda mrefu. Hilo niliwaambia, sikusikilizwa. Ndani ya mfuniko wa kiti sasa kuna karatasi yangu iliyosahihishwa, imebandikwa kwa gundi ya plasta, na sentensi ya tano inasomeka: "Pima kila betri ikiwa imebeba mota, kigari kikipanda kilima."

Sentensi ya sita ndiyo bado inanisumbua. Betri iliyotoka kuchajiwa sasa hivi inaonyesha volti nyingi kuliko hali yake ya kweli, na ziada hiyo hushuka yenyewe ikipumzika saa kadhaa, au kwa haraka ukiitwisha kidogo. Kiingereza kina jina la volti hizo za juujuu. Mimi nimeandika "subiri kwanza", ambalo ni agizo, si jina. Msomaji uliye karibu na mafundi wa bajaji za umeme, au wa boti, au wa sola, kama umewasikia wakiliita jambo hili kwa neno lao, niletee.