Mawe Yaliyonusurika Tanuri

Fedha ya Kongsberg, kusini mwa Norway, iligunduliwa mwaka 1623, na mwaka uliofuata Mfalme Christian wa Nne akaanzisha mji mahali hapo. Wachimbaji wenye ujuzi waliletwa kutoka Ujerumani. Walichokikuta ardhini ni nadra popote duniani: fedha halisi, iliyoota ndani ya mishipa ya kalisaiti kwa umbo la nyaya nene zilizojisokota mithili ya pembe za kondoo dume. Kwa kawaida mshipa ulikuwa na fedha pale tu ulipokatiza mikanda ya miamba yenye salfaidi, hivyo mchimbaji aliweza kuchimba miezi mingi kwenye mshipa mtupu kabla ya kufika palipojaa.

Hadi uchimbaji ulipokoma mwaka 1957, zaidi ya tani 1,300 za fedha zilikuwa zimetolewa. Karibu zote ziliyeyushwa. Fedha ilikuwa mali ya mfalme, sarafu zake zilipigwa mjini humo humo, na aliyeiba aliadhibiwa vikali. Kila waya tunaoutazama leo nyuma ya kioo, basi, uliokolewa na mtu aliyeona kwamba umbo lake lina thamani zaidi kuliko uzito wake. Vipande vingine vilipelekwa Copenhagen kwenye hazina ya vitu vya ajabu ya mfalme, kwa kuwa Norway ilikuwa chini ya Denmark hadi 1814. Vingine vilibaki nyumbani, na sasa vinaonyeshwa katika makumbusho ya migodi ya Kongsberg, ndani ya jengo lililokuwa kiwanda cha kuyeyushia.

Uokoaji huo ulipata elimu yake huko Freiberg, Saxony. Chuo cha madini kilifunguliwa mwaka 1765, na kuanzia 1775 Abraham Gottlob Werner alifundisha humo namna ya kuyatambua mawe kwa rangi, mng'aro, ugumu na umbo la fuwele. Alexander von Humboldt alikuwa miongoni mwa wanafunzi wake. Elimu ya namna hiyo haiwezekani bila makabati yaliyojaa vielelezo.

Lakini mkusanyaji ninayemheshimu zaidi ni Philip Rashleigh wa Cornwall, Uingereza, aliyefariki mwaka 1811. Aliishi wakati migodi ya shaba na bati ya kwao ilikuwa imepamba moto, akakusanya kilichotoka humo, kisha akachapisha vitabu viwili vya picha za rangi, mwaka 1797 na 1802. Sehemu kubwa ya mkusanyiko wake iko Truro, Cornwall kwenyewe. Katika wilaya ya Gwennap palikuwa na mgodi wa Wheal Gorland, ulikotoka lirokonaiti, madini ya shaba yenye buluu ya kupendeza mno. Hakuna mahali pengine duniani palipotoa fuwele za lirokonaiti bora kuliko hizo, na mgodi wenyewe umefungwa zamani.

Ndiyo maana wakusanyaji huilinda lebo, karatasi ndogo inayoambatana na jiwe, kama wanavyolilinda jiwe lenyewe. Lirokonaiti isiyo na lebo ni kipande kizuri cha buluu tu. Yenye lebo ya zamani inataja mgodi, pengine na mmiliki wa kwanza, na mtu anaweza kuufuata mwandiko kutoka kabati hadi kabati. Anayeitupa karatasi kuukuu kwa sababu imechakaa anafuta habari ambayo hakuna maabara itakayoirudisha kwa ukamilifu.

Sir Arthur Russell alilielewa jambo hilo kuliko wengi. Kwa miongo kadhaa aliingia migodini Uingereza kote, akanunua na mikusanyiko ya kale iliyokuwa hatarini kutawanyika, akiandika kwa uangalifu kila jiwe limetoka wapi na limepitia mikononi mwa nani. Alipofariki mwaka 1964, vielelezo vyake zaidi ya 12,000 vilikwenda Makumbusho ya Historia Asilia ya London, pamoja na lebo zake.